Gredi ya 10: Kabla ya kuuliza mkondo, uliza masomo matatu

Januari 2026 watoto wa kwanza wa mtaala wa umilisi nchini Kenya waliingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, na pamoja nao yakaingia majumbani maneno ambayo wazazi wengi hawakuwahi kuyatumia: mkondo, tawi, mchanganyiko wa masomo. Sasa ni zamu ya waliowafuata. Kaa barazani Mji wa Kale hapa Mombasa, au panda matatu ya Kisauni jioni, utamsikia mzazi akimwuliza mwenziwe, "Wako umemtia STEM?" Utadhani STEM ni jina la shule. Mwenziwe atajibu kuwa wake ameambiwa hawezi sayansi, basi ametiwa "hizo za michezo". Wa tatu hasemi kitu. Yeye anangoja mwalimu amchagulie.

Wote watatu wanazungumzia jina la mkondo. Lakini kitakachomfunga au kumfungulia mtoto baadaye si jina hilo, bali masomo matatu atakayoyashika ndani yake, na shule itakayomfundisha masomo hayo. Mkanganyiko mwingi wa siku hizi unaanzia hapo.

Tuanze na majina. Mfumo wa sasa una miaka miwili ya awali, sita ya msingi, mitatu ya sekondari ya chini (Gredi ya 7 hadi ya 9), mitatu ya sekondari ya juu (Gredi ya 10 hadi ya 12), kisha mitatu au zaidi ya chuo. Unachukua nafasi ya 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, na kundi la mwisho la mfumo huo litafanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, mwaka 2027. Zamani mtoto aliingia Fomu ya Kwanza akasomeshwa karibu kila kitu, akayapunguza masomo akifika Fomu ya Tatu. Sasa anaripoti Gredi ya 10 akiwa ameshachagua. Uamuzi uliokuwa wa kijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba umesogezwa nyuma, na ndiyo sababu mzazi ana kazi kubwa zaidi ya kuuelewa.

Mkondo ndio mgawanyo mkubwa, na iko mitatu. Wa kwanza ni STEM, yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Wa pili ni Sayansi za Jamii. Wa tatu ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kila mkondo una matawi yake. STEM ina tawi la sayansi zenyewe, kama Fizikia, Kemia na Biolojia. Tawi la sayansi za matumizi, kama Kilimo, Kompyuta na Sayansi Kimu. Na tawi la ufundi, ambamo mna umeme, ujenzi, useremala, ufundi wa chuma, mitambo, usafiri wa anga, na hata teknolojia ya bahari na uvuvi. Sayansi za Jamii zina tawi la lugha na fasihi, na tawi la masomo kama Historia, Jiografia, Dini na Biashara. Mkondo wa tatu una sanaa (muziki na densi, uigizaji na filamu, sanaa za uchoraji) na michezo.

Chini ya hayo yote ndipo kwenye jambo lenyewe. Mwanafunzi wa sekondari ya juu anasoma masomo saba. Manne ni ya lazima kwa kila mtu: Kiingereza, Kiswahili au Lugha ya Ishara ya Kenya, Hisabati, na somo la huduma kwa jamii. Matatu yanayobaki ndiyo anayochagua. Angalau mawili kati ya hayo yatoke katika mkondo wake. La tatu laweza kutoka kwingine, mradi mchanganyiko wenyewe uwe katika orodha ya Wizara ya Elimu na shule iwe inaufundisha. Vipo pia vipindi visivyotahiniwa, kama mazoezi ya viungo, lakini hivyo havimhangaishi mtu.

Kwa mtu wa Mombasa, hili halihitaji mwalimu wa kulieleza. Anayetoka kisiwani ana njia tatu kubwa: daraja la Nyali, Makupa, au feri ya Likoni. Njia uliyoishika yasema unaelekea upande gani, haisemi utashuka wapi. Aliyevuka Nyali aweza kushuka Kongowea, Bamburi au Mtwapa, na mwingine asishuke mpaka Malindi. Na aliyeshika Makupa kisha akakumbuka kuwa alitaka Mtwapa atafika, ila atapoteza muda na nauli. Mkondo ni ile njia ya kutokea. Kituo cha kushukia kinaamuliwa na masomo matatu.

Tuje sasa kwa STEM, maana ndiyo inayovurugwa zaidi. Wapo wanaoamini kuwa STEM ni ya madaktari na wahandisi tu, na kwamba mtoto asiyepata alama za juu za sayansi hana lake huko. Tazama tena orodha ya matawi. Kijana anayetaka kuwa fundi umeme yumo STEM. Anayetaka useremala yumo STEM. Binti anayependa mapishi na lishe, akachagua Sayansi Kimu, naye yumo STEM. Serikali imetaja lengo la kuwa na asilimia 60 ya wanafunzi katika mkondo huo, 25 katika Sayansi za Jamii na 15 katika Sanaa na Michezo. Wanaoshangaa hiyo 60 hufikiria maabara peke yake, wakasahau karakana. Lakini pia lengo la taifa si hukumu juu ya mtoto wako. Hakuna anayetakiwa kuingizwa STEM ili hesabu za wizara zitimie.

Upande wa pili wa kosa hilo ni mzazi anayesema, "Muhimu yumo STEM, mengine tutaona." Hapana. Mtoto mmoja wa STEM anasoma Biolojia, Kemia na Fizikia. Mwenzake anasoma Kilimo, Kompyuta na Biashara. Wote wawili barazani watasifiwa kuwa wamo STEM. Siku ya kuomba nafasi ya uuguzi, famasia au udaktari, wa pili atakuta mlango mgumu, kwa sababu hana Biolojia wala Kemia. Kundi la kwanza la mtaala huu litamaliza Gredi ya 12 mwaka 2028, kwa hivyo mahitaji ya kozi tunayoyajua vizuri ni yale yaliyotumika na KCSE. Hayo nayo yanatosha kuwa dira. Udaktari umekuwa ukidai Biolojia na Kemia, pamoja na Hisabati au Fizikia. Uhandisi umekuwa ukidai Hisabati, Fizikia na Kemia. Sheria, kinyume na wanavyodhani wengi, haikuwa ikidai Historia. Sharti lake kubwa limekuwa alama nzuri ya Kiingereza au Kiswahili. Anza na kozi, rudi nyuma hadi masomo, kisha ndipo uutafute mkondo. Wengi huenda kinyumenyume.

Chukua mfano wa msichana wa Mtongwe anayesema anataka kazi ya bahari. Mzazi akisikia hivyo atakimbilia STEM, na pengine atakuwa sawa, lakini bado hajajibu kitu. Kazi gani ya bahari? Akitaka kuwa mhandisi wa meli, Fizikia haikwepeki, na Hisabati yake iwe imara. Akitaka kuwa mtafiti wa samaki na matumbawe, wa aina ya wale walioko katika Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi hapo Mkomani, atahitaji Biolojia na Kemia, na la tatu laweza kuwa Jiografia au teknolojia ya bahari na uvuvi. Akivutiwa na uwakala wa forodha, yaani kazi ya kutoa mizigo bandarini, Biashara, Jiografia na Kompyuta zitamfaa zaidi, na hapo huenda akawa katika Sayansi za Jamii wala si STEM. Bahari ni moja, ila mikondo ni miwili, na michanganyiko mitatu haifanani. Ndiyo maana swali la "mkondo gani?" haliwezi kujibiwa kabla ya swali la "kazi gani, na inaanzia wapi?"

Na sio lazima jibu la mtoto wa miaka kumi na minne liwe la mwisho. Asiyejua anataka nini, na ndio walio wengi, achague mchanganyiko unaoacha milango mingi wazi badala ya ule wa kozi moja tu. Biolojia, Kemia na Jiografia, kwa mfano, huacha njia ya afya, ya kilimo, ya mazingira na ya ualimu.

Hisabati nayo imezua maneno yake. Mpango wa mwanzo ulikuwa kwamba nje ya STEM somo hilo lingekuwa la hiari. Wazazi na walimu wakalalamika, na Aprili 2025 Waziri wa Elimu Julius Ogamba akatangaza kuwa kila mwanafunzi wa sekondari ya juu atasoma Hisabati. Wengi walisikia tangazo hilo nusu. Hisabati ni ya lazima, sawa, lakini ziko mbili. Wa STEM wanasoma ile nzito, na wa mikondo mingine miwili wanasoma nyepesi zaidi, inayoelekea matumizi ya kila siku. Kwa hivyo anayesema "niende Sayansi za Jamii, Hisabati ni ile ile" amekosea. Na hapa ndipo kubadilisha mkondo baadaye kunapokuwa na ugumu wa upande mmoja. Anayetoka STEM kwenda Sayansi za Jamii anateremka mlima upande wa Hisabati. Anayetoka huko kuja STEM katikati ya Gredi ya 11 ana mada za mwaka mzima ambazo hakuzisoma. Kama mtoto anasitasita kati ya mikondo hiyo miwili na Hisabati yake haimshindi, mimi ningemwanzisha STEM.

Sayansi za Jamii ndiko kwenye masomo ambayo Pwani yanagusa mioyo ya wazee: Elimu ya Dini ya Kiislamu, Kiarabu, Fasihi ya Kiswahili. Nimesikia mzazi akikataa STEM katakata kwa kuogopa kuwa mwanawe ataacha dini. Ni hofu ya kweli na inastahili jibu. Somo la dini lenye kutahiniwa limo katika orodha ya Sayansi za Jamii. Anayekwenda STEM aweza kulitazamia kama somo lake la tatu pale mchanganyiko unaporuhusu, lakini asilihesabu mpaka shule ithibitishe. Na mtoto anayekwenda chuoni, yaani madrasa, Jumamosi na Jumapili hakuachishwa chuo hicho na wizara. Upande mwingine, mtu asidhani kuwa mkondo huu ni wa waliobaki. Mwandishi wa habari, mwanasheria, mhasibu, mwongoza watalii anayejua Kijerumani, mwalimu wa Kiswahili: wote hao wanatoka huku. Katika mji unaokula kwa bandari na kwa utalii, lugha moja ya kigeni iliyosomwa vizuri ina thamani kuliko Fizikia iliyosomwa kwa aibu.

Mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo ndio uliopakwa matope kuliko yote. Kosa lenyewe ni kuuona kama jaa la walioshindwa kwingine. Anayesoma muziki anasoma nadharia yake na kuandika noti. Anayesoma michezo anasoma jinsi mwili unavyofanya kazi. Aliye dhaifu kila mahali hatapata nafuu huko. Tatizo halisi la mkondo huu ni jingine: si kila shule inao. Zipo shule zenye mikondo yote mitatu, na zipo zenye miwili, STEM na Sayansi za Jamii. Kwa hivyo kijana wa sanaa ana shule chache za kuchagua, na huenda akalazimika kwenda mbali na nyumbani, jambo ambalo mzazi wa binti hulitafakari mara mbili.

Alama zinaingiaje? Mtihani wa mwisho wa sekondari ya chini, KJSEA, ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Lakini matokeo hayajengwi na mtihani huo peke yake. Asilimia 20 inatoka katika tathmini ya Gredi ya 6, KPSEA. Asilimia 20 nyingine inatoka katika tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8. Asilimia 60 ndiyo ya KJSEA yenyewe. Maana yake, mtoto anayeanza kukaza buti muhula wa pili wa Gredi ya 9 amekuta sehemu mbili katika tano za hesabu yake zimeshafungwa. Hili wazazi wengi huambiwa wakiwa wamechelewa.

Kila somo katika masomo tisa ya sekondari ya chini hupewa ngazi, nane kwa jumla, kuanzia kuzidi matarajio hadi chini ya matarajio, na kila ngazi ina pointi zake, kutoka 8 hadi 1. Aliyepata juu kabisa kila mahali ana pointi 72. Sasa wazazi, kwa mazoea ya KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza shule ya msingi, wameikamata hiyo jumla na kuilinganisha kama walivyolinganisha alama 380 na 400. Jumla inasema machache. Watoto wawili wenye pointi 50 waweza kuwa watu tofauti kabisa: mmoja ana 7 na 8 katika Sayansi na Hisabati lakini Sanaa na Michezo imemwangusha, mwingine ni kinyume chake. Matokeo yanaonyesha pia uwezo wa mtoto katika kila mkondo. Soma hapo kabla ya kuangalia jumla. Na kama nyumbani kuna ripoti za Gredi ya 7 na ya 8, zitoe kabatini uzisome pamoja, kwa sababu somo ambalo mtoto amelifanya vizuri miaka mitatu mfululizo lina ushahidi kuliko lile alilolipenda muhula mmoja kwa sababu ya mwalimu mcheshi.

Hakuna mwalimu wala kompyuta inayomchagulia mtoto asiyejichagulia vizuri. Kompyuta ya wizara humpangia mtoto shule kwa kutazama mambo kama haya: alichochagua, alichopata, na nafasi zilizopo. Kundi la kwanza liliambiwa kuchagua shule 12: nne kwa mchanganyiko wa kwanza, nne kwa wa pili, nne kwa wa tatu. Tisa kati ya hizo zilikuwa za bweni, tatu ndani ya kaunti ya nyumbani na sita nje yake, na tatu zilizobaki zilikuwa za kutwa katika kaunti ndogo ya nyumbani. Mombasa ina kaunti ndogo sita: Changamwe, Jomvu, Kisauni, Likoni, Mvita na Nyali. Hizo shule tatu za kutwa ndizo watu walizijaza kwa haraka, kama wanaojaza fomu ya kupoteza. Kumbe kwa familia nyingi ndizo mtoto anaishia, iwe kwa sababu ya alama au ya karo ya bweni. Zichagueni kwa makini kama zile za bweni.

Makini maana yake ni kwenda. Jina la shule si mchanganyiko. Shule kongwe yenye sifa tangu enzi za wazee wetu yaweza isiwe na mwalimu wa Kompyuta, na ya kutwa isiyotajwa na mtu ikawa na karakana inayofanya kazi. Teknolojia ya bahari na uvuvi imo katika orodha ya taifa, lakini hilo halina maana kuwa shule iliyo karibu nawe inaifundisha. Nenda siku ya masomo, usiende siku ya wazazi ambapo kila kitu kimepangwa. Omba kuuona mlango wa maabara ukifunguliwa. Uliza michanganyiko mingapi wanayofundisha hasa, si waliyoorodheshewa. Uliza mwalimu wa somo hilo ni wa kuajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu au ni wa kibarua anayelipwa na wazazi. Mwalimu mkuu mwaminifu atakujibu bila kukasirika, na akikasirika, nalo ni jibu.

Kwa watakaokwenda upande wa ufundi, angalieni na kule mbele. Hapa hapa mjini kuna Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, Chuo cha Kitaifa cha Ufundi cha Pwani ya Kenya, na Chuo cha Mabaharia cha Bandari. Kufika ofisi ya usajili ya mojawapo na kuuliza "kozi hii inataka masomo gani?" ni safari ya nusu siku, na utarudi na jibu ambalo baraza zima halina.

Halafu kuna siku ya kuripoti. Mtoto aweza kuwa amechagua Biolojia, Kemia na Kompyuta, akapangiwa shule, akafika akaambiwa Kompyuta imejaa, atiwe Kilimo. Mwaka wa kwanza wizara ilifungua dirisha la kuomba kubadilishiwa shule baada ya upangaji, na si kila ombi lilikubaliwa. Kwa hivyo barua ya kujiunga ikitoka, kabla ya kukimbilia dukani kwa sare na godoro, piga simu shuleni uulize mchanganyiko ulioandikwa kwa jina la mwanao ni upi. Ukikuta umebadilishwa, uliza kwa nini, na uombe kuandikiwa. Kama somo lililoondolewa ni lile ambalo kozi anayoitaka haiwezi kukosa, hapo ndipo pa kusimama. Kama ni la tatu tu, la kuongezea, mwache aanze masomo.